Mjumbe wa Nyarugusu

Niliondoka Shinyanga kwa ubishi. Kulwa, niliyemfundisha fasihi zamani, alinipigia simu kwamba wachimbaji wadogo wa Nyarugusu wataigiza tamthilia yake kwa mtindo wa Wagiriki wa kale: vinyago, korasi ya kuitikia, na mjumbe anayeleta habari za kifo. Wagiriki na Nyarugusu wapi na wapi? Nikafunga begi nikicheka kidogo.

Saa mbili asubuhi tulipita Tinde, nikanunua karanga. Kahama nilibadilisha basi, na kuanzia hapo vumbi lilinila mpaka kope. Saa tisa Kulwa alinipokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenitesa, mwanangu."

Njiani alinieleza kuwa kiongozi wa korasi ni Mama Masunga. Mwaka jana duara, yaani shimo la dhahabu, liliporomoka likamfukia mwanawe. Mwenye duara alimwambia kijana alikufa papo hapo, kisha akaamuru shimo lijazwe udongo, mwili ukiwa humo humo.

"Anataka kujua tu mwanawe aliondokaje," alisema Kulwa. "Kila anayemuuliza anasema hakuona."

Saa kumi tulishuka uwanjani, shimo la zamani lililochimbwa kwa ngazi. Watu walikaa kwenye ngazi hizo pande zote, na mtu akinong'ona chini unamsikia juu. Ubishi ukaanza kunitoka. Mwenye duara alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, ndiye mgeni rasmi.

Mchezo ulihusu malkia anayesubiri habari za mwanawe aliye vitani. Korasi, wanawake waponda mawe, waliimba vizuri ajabu. Kisha akaingia mjumbe, mchimbaji aitwaye Shija, kavaa kinyago cha kibuyu. Alipaswa kumwambia malkia kwamba mwana ameanguka. Akampita malkia, akasimama mbele ya Mama Masunga.

"Mayu, mama yangu, Masunga hakufa papo hapo. Alikuwa anagonga."

Nikadhani ni sehemu ya mchezo, mpaka nilipomwona Kulwa akipekua karatasi zake, akiyatafuta maneno hayo.

"Anagonga nini?" Mama Masunga aliuliza.

"Jiwe kwa jiwe. Tulimsikia wote. Bosi akasema tukimchimbua tutafukiwa na sisi, tujaze udongo. Na mimi nilishika koleo."

Mwenye duara aliinuka aondoke. Korasi ikajipanga njiani, wala hakuna aliyemgusa.

"Aligonga mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili mchana, siku ya tatu."

Mama alikaa chini taratibu. "Jumapili mchana nilikuwa juu ya duara lile," alisema, "naosha mchanga."

Miaka yote nimefundisha kwamba Wagiriki walipeleka kifo nyuma ya jukwaa ili wawastahi watazamaji. Nilifundisha uongo. Kifo cha kusimuliwa kinakufuata hadi unapolala, na huna pa kufumbia macho.

Asubuhi basi la kurudi liliniacha, kwa kuwa niliwasindikiza Mama Masunga na Shija polisi. Shija hakuwa na kinyago, na mbele ya askari mdomo ulimgoma kabisa. Nikaogopa kwamba yote yataishia pale. Mama Masunga akamshika mkono.

"Sema, ng'wanawane," alimwambia, kama mama anavyomwita mwanawe kwa Kisukuma. "Sema, mimi niko hapa."