Punda Aliyekohoa Nyasi Zikichanua

Nyasi kavu ukizinyunyizia maji hutoa harufu ambayo sijui kuieleza vizuri. Inafanana na vumbi la mvua ya kwanza, lakini ndani yake kuna kitu kitamu kidogo, kama maziwa yanayoanza kuganda. Mwaka huu, kwenye matanga ya baba yangu, tulitandaza nyasi uani ili wageni wakae. Shemeji yangu mmoja aliona vumbi linawasumbua wazee, akaleta ndoo ya maji akanyunyizia. Harufu ile ikapanda. Niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya ghala, na wanawake walionifuata kunibembeleza walidhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia, lakini kwanza nilikuwa nimemkumbuka punda.

Naomba mnivumilie, niwaeleze.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Mbalibali, wakati ule watu walipoambiwa waache miji yao ya zamani wakae pamoja. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Shule ilisogea karibu, shamba la kijiji lilikuwa karibu, ila mto ulibaki kulekule ulikokuwa. Ndipo baba akatoa mbuzi wake akapata punda jike wa kubeba maji, debe kila upande. Hakuwa na jina. Tulimwita punda, naye aligeuza masikio.

Masika yalipokatika na nyasi kuchanua, punda akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Macho yalimtoka machozi, pua ilichuruzika maji, na alijikuna kwenye ukuta wa nyumba mpaka udongo aliokandika mama ukaanguka vipande vipande. Mvua za vuli ziliporudi alipona, utadhani hakuwahi kuumwa. Mwaka uliofuata nyasi zikachanua, naye akaanza tena.

Jirani yetu, Mzee Chacha, alikuwa akipita asubuhi na kumwambia baba juu ya ua, "Mura, huyu punda umemwonjesha ugoro?"

Baba hakucheka. Punda anayekohoa hupumzika kila hatua chache, na maji yalikuwa yakifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Jioni moja tukila ugali alisema, "Huyu akiendelea hivi, nampeleka mnadani Mugumu."

Mama akauliza, "Na maji?"

Baba akaninyooshea kidevu. "Si huyu yupo." Kesho yake akawatangazia hata majirani.

Nilikuwa darasa la tatu. Rafiki yangu Robi, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshaacha shule kwa ajili ya maji. Nilikuwa nikimkuta mtoni tu, ananiuliza tumefika wapi kwenye hesabu, halafu anajitwisha debe na kuondoka kabla sijamaliza kumjibu. Mimi sikuwa hodari darasani. Lakini nilipenda kujua kilichokuwa kwenye kurasa za mbele za kitabu, zile ambazo mwalimu hajazifikia.

Mama alianza na dawa anayoiamini. Kwetu kichuri, ule mchuzi mchungu wa majani yaliyomo tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa, ni dawa ya kifua. "Mbuzi amekula kila mti," alisema mama, "kwa hiyo dawa yote imo." Alimwagia kwenye pumba. Punda alinusa, akainua mdomo wa juu akatuonyesha meno yote, kisha akageuka akalipiga teke karai.

Mara ya pili mama alichemsha kivumbasi, akamwekea chungu chini ya pua na kumfunika kichwa kwa blanketi la baba, kama tulivyofunikwa sisi tukipata mafua. Punda alivumilia kidogo, halafu akakata kamba akatimua mbio, blanketi likiwa kichwani, mpaka katikati ya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alinyamaza kumpisha. Mzee Chacha akasema, "Mjumbe wa shina amefika," na mkutano ukawa umekwisha.

Watu walicheka siku kadhaa. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo lingine. Siku ile nilipomfuata, nilimkuta mtoni, amesimama kwenye matope, anakula nyasi fupi za ukingoni, na hakohoi.

Tangu hapo nikawa namwangalia kama ninavyoangalia chungu kinachotaka kuchemka. Njiani, penye nyasi ndefu zenye maua, alikohoa. Mtoni alinyamaza. Nyumbani, tukimtupia nyasi kavu, aliingiza pua ndani ya vumbi lake, na hapo ndipo kikohozi kilipokuwa kibaya kuliko pote. Nilimuuliza mama, "Kwa nini mtoni hakohoi?"

"Labda anaiheshimu mizimu yenye mto."

Nilichovya kitita cha nyasi ndani ya maji, nikampa. Alikula kimya. Nilikimbia kumwambia mama, naye akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Tumtume maji, halafu tuzinyweshe nyasi maji hayohayo?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo nikatumia maji yangu ya kuoga. Kila jioni nililoweka nyasi kwenye beseni nililopaswa kuogea, na asubuhi nilikwenda shule miguu ikiwa na rangi ya jivu. Mwalimu alinirudisha nyumbani nikaoge. Mama aliposikia sababu alianza kulowesha pumba pia, zikawa kama uji, na juu yake akakatia majani mabichi ya kivumbasi. Sijui kama kivumbasi kilisaidia. Punda alikipenda, na mama alipenda kukikata.

Kikohozi kilipungua. Hakikwisha, na sitasema kilikwisha. Siku ya mnada niliamka nikakuta punda hayupo, kamba haipo, na baba hayupo. Mama alinipa debe bila kuniangalia usoni. Nilikwenda mtoni, na njia nzima nilikuwa nafikiria kurasa za mbele za kitabu.

Baba alikuwa pale mtoni. Suruali ameikunja hadi magotini, amesimama kwenye matope na panga, anakata nyasi za ukingoni na kumpakia punda mzigo uliokuwa ukidondosha maji. Aliniona na debe langu.

"Shule leo hakuna?" akauliza.

"Ipo, baba. Huyu haendi mnadani?"

Alimpiga punda kofi dogo begani, kama anayejaribu ubora wa ngozi. "Mnada upo hata wiki ijayo," akasema. "Nenda, utachelewa."

Wiki iliyofuata nilisubiri kwa hofu, naye akasema vilevile. Majira ya nyasi yalipita, yakaja mengine, na kila Mzee Chacha alipouliza, baba alijibu kwamba mnada upo hata wiki ijayo. Nilimaliza darasa la saba, na punda akafia kwetu akiwa mzee.

Nilipokuwa mtoto nilimwona baba ni mtu wa kuahirisha mambo. Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipoelewa kwamba alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kumuuza punda, na hakuwa na namna ya kusema kwamba ameacha kwa ajili ya masomo ya binti. Maneno yale ndiyo aliyokuwa nayo. Yalikuwa na maana kwamba ameshaamua.

Mwishoni mwa mwaka jana kifua kilimbana baba. Nilikwenda kwake nikamwambia, "Baba, twende hospitali Musoma, gari nimeshapata."

Alinitazama kwa upole, akapumua, akasema, "Hospitali ipo hata wiki ijayo."

Ndugu zangu waliendelea kumsihi, wakidhani anaahirisha. Mimi nilikuwa nimemsikia. Nilikata kivumbasi nikakiweka karibu na kitanda, nikanyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, vumbi lisimfikie, kisha nikakaa naye.