Haya na Basi

Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha kwamba "haya" na "basi" ni vineno vya kujazia tu, ukiviondoa sentensi haiharibiki. Nilimchukia kwa hilo. Kwetu, "haya" lilikuwa na mkanda nyuma yake. Baba alilitamka polepole, mkanda akiwa ameshauvua na kuuzungusha mkononi mara moja, kisha akamgeukia Mama. Akichoka alisema "basi," nasi watoto tukatoka chini ya kitanda.

Maneno hayo aliyatoa kazini. Miaka michache baada ya uhuru alikuwa mkuu wa mashine katika kiwanda cha mbao karibu na reli, hapo Nakuru. Magogo yalitoka upande wa Elburgon, na wanaume waliyasukuma kwenye msumeno uliokuwa mrefu kunishinda. Mwenye kiwanda, Kalasinga mmoja mpole, alipotaka gogo liende alisema "chalo." Mpasua mbao kutoka Keringet, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema "ara" la kwao. Baba alianza na "atĩrĩrĩ" la kwetu. Yote yaliamsha mikono, lakini hayakuwa sawa: chalo lilihimiza, ara lilikubali, na atĩrĩrĩ lilitaka kwanza usikilizwe. Asubuhi moja yakasemwa yote kwa pamoja, na mtu akaacha vidole vitatu kwenye vumbi la mbao.

Kalasinga akaweka sheria. Kwenye msumeno, maneno ni mawili tu. "Haya" ni la mkuu wa mashine peke yake. "Basi" ni la yeyote, hata mfagiaji, na anayelisikia asimamishe mikono kwanza, kuuliza baadaye. Mimi ndiye niliyempelekea Baba chakula cha mchana, kwa hiyo niliyaona hayo mara nyingi: "basi" moja fupi kutoka tumboni mwa mtu yeyote, na mkono wa kushoto wa Baba unashuka kwenye chuma cha kuzimia mashine kabla hajageuza hata kichwa.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jumapili moja adhuhuri sufuria ya githeri ikaungua. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba akasema haya. Pigo la tatu, chuma cha mkanda kilimpasua Mama juu ya jicho, akaanguka sakafuni amekumbatia tumbo. Baba akauinua mguu, na kiatu kilikuwa kile cha kazini, chenye chuma mbele. Nikajua anamuua mtoto, na labda Mama pia.

"Basi," nikasema, kwa sauti ya kiwandani.

Mguu ulirudi chini. Mkono wake wa kushoto ukashuka ubavuni, ukapapasa chuma ambacho hakikuwepo.

"Kuna nini?" akauliza, kama mtu aliye kazini.

Yule jirani wa Keringet alikuwa ameshafika mlangoni, akamwambia taratibu, "Basi, mzee." Baba akatutazama mmoja mmoja, akachukua kofia, akatoka. Nami, Mungu anisamehe, niliringa. Nilijiona nimeuzima msumeno wenyewe.

Siku nane zilipita bila mkanda. Ya tisa, Baba alirudi kutoka kazini na kipande cha mbao mkononi, Mama akiwa ameinamia jiko, mgongo kwake. Nilisubiri "haya," midomo yangu tayari. Halikuja. Mbao ilimpata Mama sikioni naye hajui hata kama mtu ameingia. Baba hakulitamka neno hilo nyumbani tena. Lile neno ndilo lililokuwa likimpa Mama nafasi ya kugeuka, kufunika uso na kukinga tumbo, na mimi kwa ujuaji wangu nilikuwa nimemnyang'anya.

Mtoto alizaliwa salama. Sikio la kushoto halikupona.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshazikwa, nilikaa upande wa kulia wa Mama tukichambua maharagwe, nikamwomba msamaha. Nilimweleza yote, nikalia, nikasema heri ningenyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na maharagwe.

"Zile siku nane," akasema, "nililala nimevua viatu."

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa akilala navyo.