Jiwe Nililoolewa Nalo

Watu wa Kasenga husema nina hasira. Waongo hao. Nina mdomo, hilo sikatai, lakini hasira yenyewe alikuwa nayo baba yangu, Thaddée, na hii yangu ni masalio tu.

Mimi ni Célestine, mtoto wake wa pekee. Mama alifariki nikiwa bado natambaa, na baba, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akanilea kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mpole kwangu. Kwa wengine alikuwa kama sufuria ya maharage, hujui itafurika saa ngapi. Mwaka wa hamsini na tatu aligombana ufukweni na mdogo wake, Donatien, kwa sababu ya wavu ambao Donatien aliuacha majini ukaoza. Hawakubishana sana. Baba aliinua kasia akampiga nalo mkononi, na kidole cha kati cha baba mdogo kikavunjika. Kilipona kikiwa kimepinda.

Jumapili iliyofuata baba hakupokea komunyo. Alikwenda kuungama, na akakaa kule mpaka wanawake waliokuwa kwenye mstari wakaanza kunong'onezana. Wakati ule Wakristo walikuwa wanajenga kapela, kanisa dogo la kijiji, na kila nyumba ilileta mawe ya msingi kutoka mtoni. Padri akampa malipizi: kila hasira itakapopanda, asijibu neno. Aende mtoni, abebe jiwe moja alipeleke kapelani, asali Baba Yetu njiani, ndipo arudi kujibu.

Mwaka ule wa kwanza alibeba mawe mpaka shingo ikavimba. Wavuvi wenzake hawakumwonea huruma. Walimwambia, "Thaddée, fundi anaomba ukasirike kidogo, ukuta wa upande wa ziwa umebaki nyuma." Utani huohuo ukampandisha hasira, akaenda kubeba jingine. Mwaka wa pili yalipungua. Wa tatu, ikapita miezi miwili bila jiwe hata moja, na Donatien akarudi kula kwetu.

Lakini habari ya kasia ilikuwa imeshatembea mbali kuliko baba mwenyewe. Familia mbili zilitaka kuniposa, zikaisikia, zikageuka njiani. Nani anataka mkwe wa kumvunja vidole? Halafu akaja Libérat, mkulima wa bonde la Ruzizi aliyekuwa analeta muhogo sokoni. Nilimpenda. Nimeshazeeka, sina haja ya kuficha. Nilijua kwamba watu wake nao wakigeuka, nitazeekea kwenye jiko la baba.

Walikuja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Msemaji wao alikuwa mzee Hatungimana, baba mkubwa wa Libérat, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu. Wakaketi na baba na Donatien wakizunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Katika ukoo wao kulikuwa na sheria moja, na tulikuwa tumeshaambiwa: mwenye nyumba akisimama wakati mirija ingali ndani ya chungu, amesema hakuna mke hapa, rudini kwenu.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, mwiko mkononi, nasikia yote.

Kwenye posa watu huchokozana, ni kawaida. Hatungimana alisema nyumba yetu ni ndogo, baba akacheka. Alisema ndagala wetu ni mchanga mtupu, baba akacheka tena. Halafu akasema, "Na huyu binti aliyelelewa na mwanaume, nani alimufundisha kupika? Mama yake aliona kazi ni nyingi, akakimbilia kaburini."

Niliubana ule mwiko mpaka vidole vikauma. Kama ningetoka mimi, posa ingeishia hapohapo, na mzee angerudi bondeni na alama ya mwiko kwenye paji la uso. Nilichungulia kwenye matete. Baba akauweka mrija wake taratibu, akasimama, akatoka bila neno.

Nilimchukia baba dakika ile. Nilijua anakwenda wapi, lakini wageni hawakujua. Walisimama wakachukua fimbo zao. Libérat alikuwa anaangalia chini. Donatien akajiweka mlangoni, akawaomba wasubiri kidogo tu. Hatungimana akasema hajawahi kufukuzwa namna hii.

Baba alirudi na jiwe begani, jasho linamtiririka. Alilitua mbele yao.

"Umetufukuza," Hatungimana akasema.

"Minye sijafukuza muntu, mzee. Nilikwenda kutua hasira. Njia ya kapela ingewachelewesha, ndiyo maana nimekuja nalo hapa."

Hawakuelewa. Hapo Donatien akanyoosha mkono wake mbele ya uso wa mzee, kile kidole kilichopinda kikiwa juu.

"Angalia hii. Siku ile kwenye ziwa hakukuwa na jiwe, kulikuwa na kasia. Na minye nilikuwa nimeozesha wavu tu. Weye leo umemutukana marehemu wake, na vidole vyako vyote iko mizima. Mwenye kuogopa huyu mukwe aniulize minye."

Hatungimana alikitazama kile kidole, akaitazama na mikono yake mwenyewe. Akaketi.

"Maneno yangu yalipita kipimo," akasema. "Unisamehe. Lakini kweli, nani alimufundisha kupika?"

"Ni minye," baba akajibu, akatafuta mrija wake. "Ugali wake wa kwanza tulimupa mbwa, akakataa."

Wakacheka. Mimi nyuma ya matete nililia, nikafuta machozi, nikapakua chakula.

Asubuhi ya harusi yangu, mwaka wa hamsini na sita, watu wakiwa wamejipanga kunisindikiza bondeni, baba alitoka nyuma ya nyumba na jiwe lile lile la siku ya posa. Akaniwekea mikononi.

"Baba, hili ni la kapela."

"Kapela iko na mawe ya kutosha. Weye ndiye hauna."

Mbele ya watu wote, siku ya harusi yangu. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikafungua mdomo, nikamwona jinsi anavyonitazama, nikaufunga. Nikajitwika jiwe kichwani nikaanza kutembea, Baba Yetu mdomoni, na tulipofika kwa Libérat nilikuwa nimeshamsamehe.