Nilificha Menyu, Nikamwanika Mama

Siku ambayo kundi zima la WhatsApp la wafugaji lilimcheka mama yangu, mimi nilikuwa mtaani Bulla Pesa nakunywa chai, najipongeza kwa kazi safi.

Naitwa Ibrae. Natengeneza mifumo ya mtandaoni. Chama cha wafugaji kiliniomba mfumo wa chanjo: mwanachama aone mifugo yake tu, daktari wa mifugo aone ya wote, pamoja na mmiliki halisi wa kila ng'ombe, ambaye daktari mwenyewe angemjaza.

Mzee Halake ni mwanachama. Pia ni baba ya Bisharo, msichana niliyekuwa nataka kumuoa.

Mzee alinishika mkono nje ya msikiti.

"Ibrae, hapa kwetu ng'ombe ya mtu haihesabiwi mbele ya watu. Hii kitu yako, watu wataona?"

"Hapana, mzee. Kwa menyu yao hiyo sehemu haitokei kabisa. Ni daktari peke yake."

"Kweli?"

"Wallahi."

Niliapa, jamani. Tena kwa kifua.

Ukweli ni kwamba niliondoa neno kwenye menyu tu. Ukurasa wenyewe sikuufunga. Yeyote mwenye link angeingia, awe daktari au asiwe.

Nilijua. Nikajiambia, aah, wazee wa huku nani atahangaika na link? Dharau hiyo inanichoma mpaka leo.

Basi daktari akitaka kutuma ratiba ya chanjo kwenye kundi, akatuma link ya ukurasa wake. Watu wakabonyeza. Ikafunguka kwa kila mtu.

Wa kwanza kuandika alikuwa Ahmednur, muuza mbuzi: "Kumbe ng'ombe za Mumina ni za Halake?"

Mumina ni mama yangu.

Mwingine akadakia: "Si ndio hizo wanapeleka mahari? Halake analipwa na ng'ombe zake mwenyewe!"

Vicheko vikamwagika. Nikasukuma chai kando.

Miaka yote niliamini wale ng'ombe, walioko malishoni upande wa Kipsing, aliwaacha marehemu baba. Nikafunga ukurasa mbio mbio, lakini watu walikuwa wameshapiga picha na kusambaza.

Nikakimbia mtaa wa Kiwanjani, nyumbani kwa Mzee Halake. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Salaam aleikum, mzee. Nisamehe."

"Aleikum salaam. Kaa."

Akanisogezea kiti.

"Ng'ombe za baba yako zilimalizwa na ukame. Nikampa mama yako zangu akamue, akulee. Ulipotaka Bisharo alikuja hapa akilia, hana kitu ya kutoa. Nikamwambia, leta hizo hizo. Nitapokea mbele ya wazee, nitashukuru, hakuna mtu atajua. Hata wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Daktari tulimwambia ukweli sababu ya magonjwa. Yeye tu. Na wewe uliniapia."

"Na Bisharo, mzee?"

"Bisharo utaoa. Mimi sijaaibika, kijana. Nenda kwa mama yako."

Nilimkuta mama anakunja dera jipya, lile la siku ya mahari, analirudisha sandukuni. Nikapiga magoti. Nikaomba msamaha.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Utaenda na wajomba zako," alisema. "Mimi nitakaa vipi mbele ya hao watu?"

Wewe unayetengeneza mifumo, sikia. Usitosheke kwamba mtu haoni kitu kwenye menyu yake. Hakikisha hata akikijua kilipo, hawezi kukifungua. Unaowaficha ni watu, na wengine hujui ni wa kwenu.

Nikaha yetu ilifungwa Ijumaa iliyopita. Wageni walipouliza mama yuko wapi, nilisema anaumwa.

Alikuwa mzima kabisa.