Kumteremsha Mwalimu

Ambulensi haiingii mtaani kwetu. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa watu wawili wapishane na kusalimiana, na penye pikipiki iliyoegeshwa hata hao wawili hupishana kwa ubavu. Mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa mpaka barabarani. Ndivyo kikundi chetu cha kujitolea, kilichoanzishwa kuzibua mitaro, kilivyojikuta kikibeba watu.

Kazi zetu nyingine zilikuwa na wapenzi wengi. Jumamosi ya kusafisha mitaro ya Majengo, au ya kupanda mikoko ukingoni kule Tudor, fulana za kijani hazikutosha. Watu walikuja na watoto wao, wakapiga picha, wakanywa soda. Kazi ya kubeba haikuwa na fulana. Ilikuwa Jumatatu na Alhamisi asubuhi, wakati watu wako kazini, na ilikuwa ya mtu mmoja: bibi aliyefunza Kurani chuoni kwake kwa miaka mingi, hata nusu ya wanaume wa mtaa walipita mikononi mwake. Sote tulimwita Mwalimu. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara mbili kwa wiki alipaswa kufika hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Binti yake, aliyeishi naye, alitupa maneno ya daktari kama alivyoyapokea: akikosa, maji yatamjaa mwilini mpaka kifuani.

Tulikuwa wanne. Mbele walishika mwenyekiti wetu, mwenye duka la viungo Marikiti, na nduguye. Nyuma nilikuwa mimi na mwenzetu wa bara, karani wa reli anayekaa Tudor, Mkristo, aliyekuja kwetu kwa sababu ya mikoko akabaki kwa sababu ya Mwalimu.

Mwalimu alikaa ghorofa ya pili, na ngazi za nyumba ile zimelika katikati kama sabuni. Lakini pagumu hasa palikuwa nje. Hatua chache kutoka mlangoni kichochoro hupinda ghafla, na baraza ya jirani imetokeza. Machela haikupita pale ikiwa chini. Tuliinyanyua mabegani, tukageuka nayo kidogo kidogo, huku karani akituongoza: “Juu. Geuka. Polepole, ukuta.” Mbele ya pembe ile kuna njia panda. Kulia ni barabarani, ambako tuktuk ilitusubiri. Kushoto ni msikitini.

Mwalimu alikuwa mtu wa sitara. Hakutaka kuonekana amelala. Kwa hiyo binti yake alimfunika leso kutoka miguuni mpaka usoni, na tukatoka naye hivyo, juu ya mabega, kimya kimya, tukichunga tusiteleze. Ukiniuliza leo, nitakwambia kwamba yeyote angedhani alivyodhani fundi cherehani.

Fundi huyu ni mzee anayeshona kanzu kwenye baraza iliyo karibu na njia panda. Kwa kawaida hufungua baadaye. Siku hiyo alikuwa amewahi. Alipotuona tunatokea kwenye pembe alisimamisha cherehani, akaweka kofia sawa, akasema, “Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.” Kisha akaja kutia bega. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa wakaacha vikombe na kumfuata. Desturi ya jeneza haina mafunzo. Mtu akikugusa bega unampisha, ili naye apate thawabu zake. Nilipoguswa nilipisha kabla ya kufikiri. Mwenyekiti alipisha. Nduguye alipisha. Sauti zikaanza, “La ilaha illallah,” na machela ikakata kushoto.

Karani peke yake hakuachia. Hakuijua desturi, akadhani ananyang’anywa. “Jamani, huyu yu hai! Yuaenda hospitali huyu!” Lakini katika sauti zile nani angemsikia?

Aliyesikika ni Mwalimu mwenyewe. Kutoka chini ya leso ilitoka ile sauti ya chuoni, ambayo kila mmoja wao aliwahi kuiogopa. “Nyinyi! Mwanipeleka wapi?”

Wakasimama. Mmoja wa wanywa kahawa akacheka, akajiziba mdomo. Mwenyekiti akawafokea, akawaita wajinga, akawaambia warudi kwenye vikombe vyao. Fundi aliitambua sauti ile upesi kuliko wote. Alirudi barazani kwake akainamia kanzu, na tangu siku hiyo kila tulipopita alikuwa ameinama vivyo hivyo.

Mwalimu alitibiwa siku ile. Lakini jioni, tulipomrudisha, alisema, “Yatosha. Nimeshasaliwa mara moja. Sitoki tena humu chini ya nguo.”

“Mama, na hospitali je?” binti yake akauliza.

“Nitakwenda nimekaa.”

Basi tukatafuta kiti cha mbao chenye mikono, tukakifunga kwa kamba juu ya mabomba mawili ya chuma, na Mwalimu akawa anatoka ameketi wima, buibui limemkaa vizuri, kipochi mapajani. Hapo ikaja taabu nyingine. Uso ukionekana, lazima usalimiwe. “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba.” “Waamkaje?” “Alhamdulillahi.” “Na hali?” Kila mlango, kila baraza. Hakumruka mtu. Alipofika kwenye tuktuk alikuwa hana pumzi, na karani alizoea kumpepea kwa gazeti.

“Si uwaitikie kwa kichwa tu, mama?” alimwambia siku moja.

“Kwenu bara huitikiana kwa kichwa?”

“Tukichoka.”

“Mimi sijachoka bado,” akasema, na kidogo akatabasamu.

Mvua za masika zilipoanza, kubeba kukawa kugumu. Ngazi zilitoa maji. Ndugu wa mwenyekiti akapata kazi nje ya kisiwa. Tuliomba mtu wa nne kwenye kundi la simu, tukapata maua, mikono iliyokunjwa kwa dua, na “Inshallah” nyingi. Watu hao hao Jumamosi walikuwa kwenye mitaro, wamelowa mpaka magoti na wana furaha. Siwalaumu kwa kuja Jumamosi. Naandika tu nilichokiona. Kwa majuma kadhaa tuliokoteza wa nne kila asubuhi, leo huyu, kesho yule.

Halafu ikaja Alhamisi moja tukafika wawili tu, mimi na karani. Mwalimu alikuwa tayari kitini, juu, amevaa. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, binti yake amemvisha soksi. Nilimpigia mwenyekiti simu. Alikuwa Tudor kwenye mikoko. Kulikuwa na wageni waliokuja kuona kazi ya kikundi, na nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

“Wageni washafika, na mwenye kuwapokea ni mimi,” akasema. “Nipeni nusu saa.”

Tulijaribu wawili. Kwenye ngazi ya kwanza kiti kiliteleza upande, Mwalimu akashika ukuta, nasi tukakirudisha juu.

“Nitakubeba mgongoni, mama,” karani akasema.

“Ahsante, mwanangu. Lakini mgongoni sibebwi na mwanamume nisiyemzaa.”

Nikashuka kuomba watu. Palepale kwa fundi walikuwepo wanaume wa kutosha kubeba viti viwili.

“Shikamoo, mzee. Tusaidieni tumteremshe Mwalimu.”

“Marahaba.” Hakuinua macho. “Mgongo huu, mwanangu, tangu mvua zianze haunyooki.”

“Sasa ndiyo mwaja kutuomba?” akasema mmoja wa wanywa kahawa. “Siku ile tulipombeba mlitufokea kama wezi wa kuku!”

Wenzake wakacheka. Mwingine akasema ana mteja, yuwaja sasa hivi. Mwingine akasema angekuja, ila kanzu yake ni ya kwendea arusini. Nilisimama pale kwenye manyunyu kwa muda, labda aibu itamwinua mmoja. Haikumwinua mtu.

Mwenyekiti alifika na vijana wawili wa fulana za kijani, matope mpaka viunoni, wanahema. Ilikuwa imekwishapita saa nzima na zaidi. Binti alikuwa ameshapiga simu hospitali. Kwenye mashine amewekwa mgonjwa mwingine, aje Jumatatu.

“Basi,” Mwalimu akasema. “Nendeni mkapumzike. Mmelowa.”

Akaanza kuvua mtandio mwenyewe, polepole.

Alifariki Jumapili alfajiri. Binti yake alisema usiku kucha alikuwa akiomba afunguliwe dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Kichochoro kilijaa hata watu hawakuweza kugeuka. Walitoka Majengo, Tudor, wengine ng’ambo, wanaume wazima waliochapwa naye wakiwa wadogo. Jeneza lilipotokea mlangoni lilipokewa na mikono mingi kiasi kwamba sisi wabebaji wake tulisukumwa nyuma. Mbele kabisa, upande wa kulia, alikuwa fundi, amenyooka. Nilijipenyeza mpaka nikamgusa bega, kama ilivyo desturi.

“Nipokee, mzee.”

“Niache,” akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka ndevuni. “Huyu ndiye aliyenifunza alifu.”

Sikumgusa tena. Niliwaacha wapite, nikarudi nyuma alikokuwa karani, kofia yake ya kazini mkononi, amejibana ukutani asimzuie mtu. Tulitazama jeneza likielekea kwenye ile pembe. Walikwenda upesi, na wabebaji walikuwa wakibadilika kila hatua.

“Juu,” karani akasema kwa sauti ndogo. “Geuka. Polepole, ukuta.”

Jeneza liligonga ukuta. Chokaa ikamwagika juu ya kitambaa, na mtu mmoja akaipangusa kwa kofia yake. Kisha wakalinyanyua, wakaivuka baraza, na walipofika kwenye njia panda wakakata kushoto bila kuulizana.