Madebe ya Sinagogi Letu

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Lupepo, Rungwe, kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani, nikasikia debe linapigwa. Mlinzi wa shamba la parachichi alikuwa anafukuza ngedere. Mwenzangu, niliacha njia nikamfuata. Pale alipokuwa amesimama ndipo lilipokuwa sinagogi letu.

Usicheke, tulikuwa nalo. Babu alikwenda kufanya kazi migodini huko kusini, akawa analima bustani ya Myahudi mmoja mwenye duka. Wenzake walirudi Rungwe na cherehani na baiskeli. Yeye alirudi na Sabato. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye kiwanja chake, akaezeka bati, na familia chache zikamfuata. Majirani Wakristo walituita Wayahudi wa mgombani. Mimi shule niliishia la nne, lakini mwaka wa sikukuu zetu naujua mpaka leo kwa harufu.

Ulianza kiangazi, pembe ya beberu ikilia na ndizi mbivu zikichovywa kwenye asali. Kisha siku ya kufunga, Bibi akitukazia jicho tusiguse hata maji ya mtungi. Kisha vibanda vya mianzi na majani mabichi ya migomba. Babu alisema paa liache nafasi ya kuona nyota; sisi tuliona ukungu, na matone yakituangukia kwenye sahani ya magimbi. Mvua za Desemba ziliingia na taa za koroboi, kila jioni moja ikiongezwa, pua zote nyeusi kwa moshi. Na baada ya Pasaka kulikuwa na ile sikukuu ya maziwa mgando, ambapo hata watoto wa Wakristo walijifanya Wayahudi.

Lakini yetu watoto hasa ilikuwa ya Malkia Esta. Kila mtu alikuja na debe lake. Msomaji wa kitabu chake akifika kwenye jina la yule waziri aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, nyumba nzima tunapiga, bati linatetemeka, jina lisisikike. Bibi alikuwa anasema mtu mbaya atajwe wazi, halafu debe limzime. Ukimficha jina, unamtunza.

Basi mimi nawataja. Wa kwanza ni Ambakisye, baba yangu mdogo, mtoto wa tumbo la Bibi. Wa pili ni huyo huyo msomaji, Lusajo.

Mambo yalianzia kwenye mwezi. Babu alituachia agizo kwamba mwezi mwandamo uonwe kwa macho ndipo Pasaka ihesabiwe. Sasa, wewe unaijua Rungwe wakati wa masika. Mlima wenyewe unapotea, sembuse mwezi! Watoto tulipandishwa kilimani, tukarudi tumelowa chapachapa.

"Mmeuona?" Bibi anauliza.

"Wingu, Bibi."

"Basi tunangoja kesho."

Babu alipokufa, msomaji alitoka Dar es Salaam na kalenda, akaipigilia ukutani, akatangaza kwamba Wayahudi wa dunia nzima wanafuata hesabu, hawatumi watoto mvuani. Mwaka ule Pasaka ililiwa mara mbili, msomaji na wenzake siku yao, sisi siku yetu.

"Haya, kaleni Pasaka ya ukutani!" Bibi akawaambia.

"Na nyie kaleni ya wingu!" mke wa msomaji akajibu, na watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichotumaliza. Tangu hapo tukikutana kisimani kila mtu anatazama ndoo yake.

Masika yaliyofuata Bibi alijishusha. Alikuwa anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: meza moja ya Pasaka, watu wote, ndani ya nyumba ya mumewe. Akaoka mikate isiyo na chachu, akachemsha mnavu ule mchungu kabisa, akanitwisha kapu. "Tunakwenda siku yao," alisema. "Mwezi utanisamehe."

Tulipofika, mafundi walikuwa juu ya paa la sinagogi wanang'oa bati. Baba mdogo alisimama chini na mwavuli. Alikuwa ameshamuuzia kiwanja mtu wa kupanda chai. Msomaji alikuwa pembeni anapanga mabati. Ndiyo aliyopewa kwa kuwa shahidi wa mauzo.

"Ambakisye mwanangu, ni nini hiki?"

"Mama, nyumba hii haina mwenyewe. Nyie wenyewe mmesema hamli pamoja."

"Leo tunakula. Si nimekuja?"

"Umechelewa, mama."

Bibi hakulia. Aliketi kwenye benchi, mvua ikimpiga, akavunja mkate, akasema yale aliyokuwa anasema Babu kila Pasaka: mwenye njaa na aje ale. Mafundi wakatazamana. Wakashuka mmoja mmoja, "Ndaga, mama, asante," wakala mkate na mnavu. Mmoja akakunja uso kwa uchungu, kisha akaomba tena. Baba mdogo hakula. Msomaji alisema ameshiba. Halafu mafundi wakajifuta mikono, wakapanda tena, wakaendelea kung'oa.

Bibi hakufika sikukuu ya vibanda. Familia moja moja zikarudi makanisani. Chai ilipandwa, ikang'olewa, sasa ni parachichi za kupelekwa ng'ambo. Baba mdogo pale msibani alipewa kiti cha mbele, watu wanamwamkia kwa magoti. Msomaji anafuga ng'ombe chini ya mabati yale yale. Mimi naoka mikate yangu jikoni peke yangu, na binti yangu ananiambia, "Mama, mwezi si uko kwenye simu?" Kweli uko. Hata wingu likiwepo.

Basi pale shambani, nikamwomba mlinzi debe lake.

"Mama, kwani ngedere umewaona wapi?"

"Walishakula."

Akacheka, akanipa na fimbo. Nikataja kwa sauti, Ambakisye, nikapiga. Lusajo, nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Zamani ilipiga nyumba nzima na jina halikusikika. Siku ile nilipiga peke yangu, na majina yote mawili niliyasikia vizuri.