Njia Inayopita Kwenye Jiwe la Wanaume

Niliolewa kutoka Bweremana, mtoto wa ziwa niliyezoea kuona mbali, nikapelekwa ndani ya pori la Walikale, ambako jicho linagonga mti kila upande. Mume wangu alikuwa mlinzi wa gite, nyumba ya mawe ambayo Wabelgiji waliwajengea wageni. Walikuja kutazama maporomoko ya maji, na jiwe kubwa ambalo chini yake wavulana wa pale walitahiriwa tangu zamani. Maporomoko kila mtu aliyatazama. Jiwe, wanaume tu. Miaka yote niliyowapikia wageni sikuwahi kuliona.

Uhuru ulikuja, kisha vita, na wageni wakaadimika. Ndiyo maana tulishangaa, msimu mmoja wa mvua, kuona gari la mwalimu Mzungu wa Bukavu na mke wake. Mume wangu aliwaonyesha maporomoko, kesho yake akaenda Ntoto kutafuta chumvi. Mchana uleule mto ulifurika ukabeba daraja. Sisi tukabaki upande huu, yeye upande wa pili. Hazikupita siku nyingi, wawindaji wakatuambia tusijaribu kurudi nyuma: kwenye barabara ya Masisi watu walikuwa wanauana.

Tukakaa. Mvua haikukatika, na ukungu ulishuka hadi mlangoni. Madamu, mke wa mwalimu, alikuwa amekuja kwa ajili ya maporomoko. Sasa aliziba masikio kwa pamba.

"Mama, ile maji hainyamazake?" aliniuliza.

"Hapana, Madamu. Mimi pia ilinisumbua mwaka muzima."

"Na njia ingine haiko?"

Ilikuwepo. Mto ulikuwa mwembamba huko juu, na wawindaji walivukia kwenye daraja la kamba za msituni. Lakini njia hiyo ilipita chini ya jiwe, na mtunza jiwe alikuwa baba mkwe wangu. Jumapili aliimba kanisani kuliko wote; kwa jiwe, hakuwa na mchezo.

Nilipiga magoti mbele yake. "Papa, tupitishe. Wale wauaji wa Masisi wakitukuta hapa watatuua."

"Mwanamuke hapite pale," alisema. "Hata mama yangu hakupita."

Nikarudi gite. Nilipika sombe, majani ya muhogo, hakuna aliyekula.

Asubuhi moja mvua ilipumzika, tukaona moshi nyuma ya kilima. Haukuwa moshi wa shamba. Baba mkwe akaja bila kuitwa, mkononi ana fimbo ndefu.

"Leteni vikwembe," alisema. "Wanawake watafungwa macho. Muguu itapita, jicho haitapita."

Alimfunga Madamu, akanifunga mimi. Ndipo mwalimu, ambaye alikuwa ametoka Bukavu na kamera ili apige picha jiwe lile, akainama mbele yake.

"Papa, nifunge na miye. Bibi yangu asipoona, miye nitaona nini?"

Mzee alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Tukaenda, yeye mbele, sisi watatu tumeshika fimbo moja. Chini ya kitambaa nilisikia baridi ikinijia upande mmoja, kama pumzi ya pango, na harufu ya popo. Madamu alikuwa analia bila sauti. Nilijua kwa jinsi fimbo ilivyotetemeka. Nilitaka kukivua kile kitambaa nipumue, nikaogopa. Alipotufungua, tayari tulikuwa mtoni, mbele ya daraja la kamba.

Tulifika Ntoto na matope hadi mapajani. Mume wangu alinishika mabega. Mzee hakutaka hata maji. Aligeuka palepale akarudi.

Wageni walipata kamyo iliyokuwa inaelekea Bukavu. Madamu alinishika mkono.

"Njoo na sisi. Pale utapata mutumbwi, utafika kwenu, utaona mama yako."

Nilimtazama mume wangu.

"Papa iko peke yake kule," alisema. "Nani atamupikia?"

Kamyo ikaondoka. Wanaume walipotupa miti mipya juu ya mto, tukarudi. Gite ilikuwa imechomwa, paa limelala sakafuni. Mzee alikuwa hai. Hakuna mgeni aliyekuja tena.

Mama yangu alikufa kabla barabara ya Masisi, njia ya kwetu, haijafunguka. Habari ilinikuta shambani. Niliendelea kung'oa muhogo hadi jioni, kwa maana nyumbani walikuwa wananingoja niwapikie.